Aliyomwambia Mbwa

Asubuhi ya kwanza niliyomsikia, mbwa wake alibweka mara moja nje ya mlango, naye akajibu kutoka ndani, "Marahaba. Umelalaje?"

Nilikuwa nimeinama nasugua sufuria, mikono imejaa majivu. Nikasimama wima. Kwetu marahaba ni neno la kumjibu mtoto, au mkwe, au kijana wa watu aliyelelewa akaleleka. Sikuwahi kusikia mtu akimpa mnyama. Nikamwita mama aje asikie kwa masikio yake. Mama akasogea kwenye ua wa minyaa uliotutenganisha na nyumba ile, akatega sikio, na yule bibi akaendelea kana kwamba anaongea na mpangaji: "Mimi sikulala kabisa. Goti hili. Halafu na wewe, umebweka nini usiku kucha kama mgambo?"

Kikapita kimya kidogo. Mama akarudi ndani ameshika kifua.

"Mungu wangu," akasema. "Anamsubiri amjibu!"

Mtaa wetu ulimwita Bibi wa Kiwandani, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alikozaliwa na watu wa ukoo wake sikuwahi kuuliza. Alitoka Ukerewe, inatosha. Nyumba yake na yetu zilikuwa juu Igogo, Mwanza, kati ya mawe makubwa, mahali ambapo ukimwaga maji ya kuogea yanampitia jirani wa chini kabla hayajafika ziwani. Huko hakuna siri ya maji wala ya maneno.

Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo, kwenye mashine za kufuma, tangu ujana wake hadi walipopunguzwa. Miaka ile kila mtu alijua mtu aliyepunguzwa. Wenzake wengine waliuza mitumba, wengine wakafungua genge la nyanya na vitunguu. Yeye alirudi nyumbani na vitu viwili tu: macho mekundu, ambayo alisema ni ya vumbi la pamba, na masikio mazito. Mashine zile, alisema, zilikuwa zinapiga kelele mpaka meno yanatikisika. Aliyasikia mabweko, ngurumo na honi ya meli, lakini ukimsalimia kwa nyuma alipita kama hajakuona. Ndiyo maana watu wengi walimwona ana maringo. Ukimsalimia kwa mbele alikutazama midomo, si macho, na jambo hilo nalo halikuwapendeza watu.

Na alikuwa na sauti! Akisema na mbwa wake uani, mtu aliyekuwa anateka maji bombani chini kule alijua goti limeamkaje. Tulisema ni mazoea ya kiwandani, ya kupishana sauti na mashine. Vijana wa mtaa waliyaita maongezi yale taarifa ya habari. Utamsikia mmoja anapita na baiskeli yake asubuhi: "Vipi, taarifa ya habari imeshasomwa?" Mwenzake anajibu, "Imeshasomwa. Sukari imepanda, na fundi seremala amempiga tena mkewe."

Huyo mbwa alikuwa wa kawaida, wa rangi ya udongo, sikio moja limekatika. Aliokotwa akiwa mdogo mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, na Bibi wa Kiwandani akamwita Kura. Nilimsikia akimweleza mbwa mwenyewe sababu ya jina lake: "Wewe ni Kura kwa sababu kila mtu anakutaka siku moja. Kesho yake anakurushia mawe." Nilicheka peke yangu mpaka nikaacha ufagio.

Lakini alikuwa Mkerewe, na sisi wengine tulikuwa Wasukuma, Wajita, Waluo na Wahaya, na katika mtaa wetu herufi r na l zilibadilishana nafasi zilivyotaka. Alipomwita mbwa lilitoka "Kula". Sisi pia tulisema Kula. Mwaka ule ule tulikuwa tumekwenda kupiga kula, na hakuna aliyeona ajabu.

Swali la mbwa aambiwe maneno mangapi lilikuwa swali kweli mtaani kwetu. Msidhani natania. Baba yangu, alipokuwa bado na nguvu, alikuwa na msimamo: mbwa ana maneno matatu, toka, kamata na kaa. Ukimwongezea la nne unamharibu, anaanza kufikiri. Fundi seremala alisema hata matatu ni mengi, yeye wa kwake anamjua kwa teke. Mama alimwuliza katekista wetu baada ya ibada kama ni dhambi kuongea na mbwa. Katekista alifikiri kwa muda mrefu, maana hakupenda kujibu upesi jambo asilolijua, kisha akasema, "Kuongea si dhambi. Ila asimwahidi kitu. Ukimwahidi mbwa utakuwa umeweka agano." Tukarudi nyumbani tukiwa na hofu zaidi kuliko tulivyokwenda, kwa sababu jana yake tu tulikuwa tumemsikia bibi akimwahidi Kura utumbo wa sangara.

Lililonishtua zaidi ya marahaba ni siku alipomwomba mbwa msamaha. Alikuwa amemkanyaga mguu kwa bahati mbaya, mbwa akalia, akajificha nyuma ya tangi. Bibi wa Kiwandani akaweka ndoo chini. "Nisamehe," akasema. "Sikukuona. Nilikuwa nawaza mambo ya sabuni. Nisamehe." Nilitazama kupitia minyaa. Mtu mzima, mwenye mvi, ameinama mbele ya mbwa anaomba radhi! Hapo nilikuwa nimeishi duniani miaka kumi na kitu na sijawahi kumsikia mtu mzima yeyote akimwomba radhi mtu mdogo kwake, sembuse mbwa.

Na bado, watu wasimwone kama mwenye kudekeza. Hakumpapasa. Hakumruhusu kuingia ndani hata mvua ikinyesha ya mawe. Ukimsemesha mbwa wake alikukaripia: "Mwache! Utamchanganya." Kwa watu alikuwa bahili wa maneno. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa na kazi Shinyanga, alikuja siku moja akamwambia, akiwa amesimama mbele yake ili amwone midomo, "Mama, acha kuongea na mbwa. Watu wanasema."

"Wanasema na nani?" akauliza.

"Wanasemezana wao kwa wao."

"Basi na wao waache."

Mwanawe aliondoka kesho yake. Mama na mwana hawakuwa wamesemezana zaidi ya hayo. Lakini jioni ile Kura aliambiwa yote: kwamba kijana amekonda, kwamba viatu vyake ni vya mtu anayetembea kwenda kazini, kwamba mkewe hampikii.

Sisi majirani tulijua ni mafumbo. Nani asiyejua? Mwanamke akitaka kukusema anamsema kuku. Anamwambia mtoto, "Wewe mtoto, usiwe kama wale wanaoazima chumvi bila kurudisha," na wewe uliyeazima unasikia. Tuliamini Bibi wa Kiwandani amechagua mbwa kwa kazi hiyo. Alipomwambia Kura kwamba mwenyekiti wa mtaa anajenga kwa matofali ya shule, mwenyekiti alinuna mwezi mzima, lakini hakuthubutu kumwendea. Utamwendea umwambie nini, kwamba umemsikia akimwambia mbwa?

Mimi nilikuwa wa kwanza kuamini hivyo. Baba alipoanza kuugua niliacha shule darasa la sita, nikaanza kukaanga mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani baada ya minofu kusafirishwa Ulaya. Siku za mwanzo sikuuza. Nikamsikia upande wa pili wa minyaa: "Kura, binti wa watu anaunguza mafuta. Yanakuwa machungu. Akipunguza moto, na mafuta ya jana akayamwaga, watu watakuja." Nikapunguza moto. Nikayamwaga ya jana. Watu wakaja.

Mara nyingine alimwambia, "Yule mdogo wake wa kiume anakohoa kikavu. Apelekwe mapema, asingoje." Nikampeleka Masatu zahanati siku hiyo hiyo. Akasema, "Huyo binti asiwape wadogo zake chakula chote akabaki na ukoko, akianguka yeye wataanguka wote." Jioni ile nilijipakulia kwanza, nikala nalia. Wakati baba alipokuwa amelala ndani hawezi kugeuka, na mama naye amekwisha kuanza kukonda, sikuwa na mtu mzima wa kuniambia fanya hivi, acha hivi. Niliwalea wadogo zangu watatu kwa maneno aliyoambiwa mbwa.

Nikimkuta njiani nilimwamkia kwa mbele, kwa kupiga goti, shikamoo bibi, ili ajue kwamba ujumbe umefika. "Marahaba," alisema, akapita.

Kuna siku, kabla hajalala kabisa, baba alijikokota hadi kwa daktari na fimbo yake. Baba mdogo, ndugu yake wa Sengerema, alikuwa amevuka kuja kumtazama, akawa anamshika mkono. Mimi nilikuwa nyuma yao na mfuko wa mapanki. Walipofika mbele ya mlango wa Bibi wa Kiwandani, Kura alitoka mbio akarukia mfuko, na bibi kutoka ndani akapiga kelele: "Kula! Kula wewe! Hujashiba tu?" Baba mdogo alisimama kama aliyemwagiwa maji. Mimi nilikuwa namtukana mbwa, sikumwangalia usoni.

Baba alifariki. Mama akamfuata kabla hata nyasi hazijaota juu ya kaburi la baba. Katika misiba yote miwili Bibi wa Kiwandani alikuja, akateka maji, akaosha masufuria ya watu, hakuniambia hata pole. Tulipoanua tanga la mama, baba mdogo alibaki. Akawaita wazee wa mtaa, akasema nyumba ile imelogwa, mchawi yuko nyuma ya ua, anamjua na amemsikia. Watoto wagawanywe kwa ndugu, nyumba iuzwe. Na yule mama mtaa umshughulikie.

Nieleze maana ya "umshughulikie", kwa sababu vijana wa siku hizi wanaweza kudhani ni kumhamisha. Miaka ile, pande zetu, bibi mwenye macho mekundu aliyeishi peke yake alikuwa maiti inayosubiri mtu wa kuikata. Tulisikia za Magu, tulisikia za Misungwi: amekutwa shambani, amekutwa jikoni. Panga. Hakuna aliyeona. Bibi wa Kiwandani alikuwa na macho mekundu, aliishi peke yake, na aliongea na mbwa kila siku.

Baraza lilikaa mchana, kwenye uwanda ulio kati ya mawe. Mwenyekiti alikalia kiti, wazee wakakalia benchi, sungusungu wakachuchumaa na rungu zao. Vijana wawili niliocheza nao utotoni walikuwa wamekalia mapanga yao, kama mtu anavyokalia khanga ili isipeperuke. Bibi wa Kiwandani aliwekwa kando, chini, mguu wenye goti bovu ameunyoosha. Kura alilala miguuni pake.

Baba mdogo akasimama. "Mimi mwenyewe nilikuwepo. Kaka yangu anapita mlangoni kwake, mgonjwa, anatembelea fimbo. Huyu mama akapaza sauti: 'Kula! Kula wewe! Hujashiba tu?' Baada ya hapo kaka hakuinuka tena. Niambieni, wazee. Alikuwa anamwambia nani ale? Ale nini?"

Watu waliguna kwa pamoja, mguno unaotoka tumboni. Kila aliyekuwa pale alijua wachawi humfanya nini mtu. Humla.

Mwenyekiti akamgeukia. "Mama, unajibu nini?"

Alimtazama midomo. "Sijaua mtu," akasema, kwa sauti iliyowashtua hata waliokuwa nyuma.

Nilisimama. Sikuwa nimeitwa. Nilikuwa binti asiye na baba, asiye na cheti, nanuka mafuta ya samaki. Nikasema, "Shikamooni wazee. Kula ni mbwa."

"Mbwa gani anaitwa Kula?" baba mdogo akauliza. "Mbwa anaitwa Simba. Anaitwa Popi."

"Anaitwa Kura, baba mdogo. Ile ya kupigia. Ya kwenye sanduku."

"Kula ya kwenye sanduku?"

"Kura." Nikajaribu kuutetemesha ulimi. Nilivyozidi kujaribu ndivyo ilivyozidi kutoka kula. Watu wakaanza kucheka. Fundi seremala akadakia kutoka nyuma, "Hata mimi nilipiga kula mwaka ule. Sikumwua mtu!"

"Ulimwua mwenyekiti wa zamani!" mwingine akajibu, na kicheko kikazidi. Mwenyekiti peke yake hakucheka. "Kwa hiyo amempa mbwa jina la kura," alisema polepole. "Anadharau uchaguzi uliotuweka madarakani?" Nikaona huyu bibi atatoka kwenye uchawi aingie kwenye siasa.

Lakini baba mdogo hakuwa mjinga. Alingoja kicheko kiishe. "Haya, ni mbwa. Na hili? Alimwambia huyo mbwa, na mtaa mzima mlisikia, kwamba kaka yangu hataiona mvua. Na kweli hakuiona. Alijuaje, kama si yeye?"

Wale vijana wawili walitazamana. Mmoja wao aliingiza mkono chini yake.

Mimi nilijua alijuaje, kwa sababu nilisikia maneno yote, si hayo tu. Lakini kulikuwa na neno moja ndani yake ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kutamkwa. Tulisema kifua. Tulisema malaria sugu. Tulisema amerogwa, maana kurogwa kulikuwa na heshima zaidi. Nikimwokoa yule bibi, neno lile lingetoka kinywani mwangu mbele ya mtaa wote, na lingerudi nyumbani kwetu na kukaa na wadogo zangu.

Nikasema, "Alimwambia mbwa kwamba baba ana Ukimwi. Kwamba mama naye anao. Alisema hakuna aliyewaroga. Alijua kwa sababu binti yake mwenyewe alikufa hivyo hivyo, mikononi mwake. Alisema watu watatafuta mchawi."

Mwanamke aliyesimama karibu yangu alivuta khanga yake isiniguse. Niliona khanga ikiondoka kabla sijaona uso wake. Baba mdogo alininyooshea kidole.

"Kabula! Unamvua nguo baba yako mbele za watu?"

"Baba amekwisha kufa, baba mdogo. Huyu bado yuko hai."

Mkono wa yule kijana ulitoka chini yake, mtupu.

Basi nikadhani yamekwisha. Lakini baraza likishakaa lazima liamue jambo, la sivyo wazee wataonekana wamepoteza mchana. Mwenyekiti akasema mama huyu ataachwa, ila chanzo cha fitina yote ni kuongea na mbwa, kwa hiyo kuanzia leo asiongee naye isipokuwa maneno ya lazima. Mzee mmoja akauliza, "Maneno ya lazima ni yapi?" Nami nikashuhudia, kwa macho haya, watu wazima wenye wake na wajukuu wakikaa chini ya jua kuhesabu maneno ambayo mwanamke mmoja anaruhusiwa kumwambia mbwa wake. Toka, lilikubaliwa bila mjadala. Kamata, lilipita. Kaa, sawa. Fundi akauliza, "Na njoo? Asipomwita atakulaje?" Wakalijadili njoo. Mzee mwingine akaona njoo ni hatari, maana hata mizimu huitwa hivyo. Mwishowe waliliruhusu, kwa sharti lisemwe mara moja. Jina likafutwa.

Saa chache nyuma walikuwa tayari kumkata. Sasa wanabishana juu ya njoo. Mpaka leo sijui kipi kilinishangaza zaidi.

Mwenyekiti alikwenda kusimama mbele yake akamtamkia hukumu kwa midomo mipana, kama mtu anayemlisha mtoto. Bibi akatikisa kichwa kukubali. Akainuka, akaenda zake.

Baba mdogo hakuwachukua wadogo zangu. Baada ya neno lile hakuna ndugu aliyetaka watoto wetu walale kwenye mikeka yao. Nyumba nayo haikupata mnunuzi. Hivyo tulibaki wanne chini ya bati letu, na lililotuweka pamoja halikuwa huruma ya ukoo, ilikuwa hofu yao. Mtaani hawakununua tena mapanki yangu. Nilihamishia karai barabara ya kwenda soko la samaki la Mwaloni, ambako hawakunijua, na huko ndiko nilikopata fedha za kuwasomesha wadogo zangu.

Na upande wa pili wa minyaa, kimya. Alitii, na hilo halikuwa limenijia akilini kamwe. Kura alibweka asubuhi mlangoni, akangoja. Akabweka tena. Alizunguka nyumba na kurudi kusimama pale pale, sikio lake moja limesimama. Nilizoea kuamka kwa goti la yule bibi, sasa niliamka na sikujua siku itakwendaje. Asubuhi moja mbwa alibweka nikajikuta nimemjibu mimi, "Marahaba," nikaziba mdomo kwa mkono wenye majivu.

Haikupita muda mrefu akafunga mlango, akashuka bandarini na Kura akiwa amefungwa kwa utambaa, akapanda meli ya Nansio, kwao Ukerewe. Hakuaga.

Miaka ilipita. Masatu alipokuwa anamaliza kidato cha nne nilianza kwenda Ukerewe kununua dagaa wakavu. Mara ya pili au ya tatu nikauliza habari za mama mmoja aliyekuwa kiwanda cha nguo Mwanza, nikaelekezwa kwenye nyumba moja nje kidogo ya Nansio, yenye mihogo iliyoanikwa juu ya mawe. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya. Amepungua, macho mekundu yale yale. Pembeni amelala mbwa mwingine, mweusi.

Nilizunguka nikaja kwa mbele, nikapiga goti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akanitazama midomo, kisha uso, kwa muda mrefu. "Binti wa mapanki."

"Ndiye mimi. Huyu anaitwaje?"

"Mbwa," akasema. "Nimejifunza."

Nilicheka, yeye hakucheka. Aliweka kisu chini. Sikuwahi kumsikia akisema na mtu zaidi ya maneno mawili, sasa akaanza kuniuliza.

"Siku ile ya baraza. Nilikuwa nimekaa upande, sikuona maneno yote. Lakini nilikuona midomo ukisema Ukimwi. Halafu ukasema binti yangu. Nimekaa na jambo hilo miaka yote. Ulijuaje habari za binti yangu? Sikumwambia mtu yeyote Mwanza. Hata kaka yake hajui alikufa kwa nini."

"Ulimwambia Kura, bibi."

"Kura alikuwa mbwa."

"Nilikuwa uani naosha vyombo. Nilikusikia."

"Ulinisikiaje?" akasema, kwa sauti iliyowafanya kuku watawanyike. "Nilikuwa namnong'oneza!"

Nilidhani ni mzaha wa kizee. Nikamtazama vizuri. Hakuwa anatania.

"Bibi," nikasema, taratibu, ili aone kila neno, "mtaa mzima ulikusikia. Kila siku. Tulikuwa tunaita taarifa ya habari."

"Lile la fundi na mkewe?"

"Tulisikia."

"La mwenyekiti na matofali?"

"Ndiyo maana alinuna."

"La goti langu?"

"Kila asubuhi."

Aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayechelewa kuziba chungu kinachofurika. Akasema kutoka nyuma ya vidole, "Nilisema unaunguza mafuta."

"Nilipunguza moto, bibi. Na Masatu nikampeleka zahanati. Nilidhani ulikuwa unaniambia mimi."

"Sikuwa nakuambia wewe. Sikuwa namwambia mtu. Ningejua kuna mtu anasikia, nisingesema hata moja." Akatikisa kichwa, akatikisa tena. "Nilidhani mmeniona natikisa midomo, mkafikiri ni maneno ya uchawi. Nilidhani kosa langu lilikuwa midomo tu." Alitazama mihogo juu ya mawe. Nilimwacha apite mwenyewe katika miaka yake yote, siku moja baada ya nyingine, akikumbuka nini alisema na nani alikuwa nje. Nilimwona akifika kwenye jambo fulani nisilolijua, akafumba macho.

Alipoyafumbua alinikazia macho midomoni.

"Yote yale mliyasikia," akasema. "Na hamkuniua."

Nilikumbuka mkono wa yule kijana ukiingia chini yake. Sikujua nimjibu ndiyo au hapana. Midomo yangu ilikaa wazi, naye akaendelea kuitazama, akingoja, mpaka akaelewa kwamba hakuna neno linalokuja.

Akamgeukia mbwa. Mbwa akainua kichwa. Bibi wa Kiwandani akainama karibu na sikio lake, midomo ikaanza kwenda, upesi, mipana, kama walivyosemezana kiwandani mashine zikinguruma. Aliongea kwa muda mrefu. Mara moja alinionyesha kwa kidole, mbwa akanitazama.

Nilisogea kwenye mkeka mpaka goti langu likagusa mihogo. Sikusikia kitu.